Shangazi wa Bustani: Miche imekuwa kama uzi na nje bado kuna theluji

Jamani mwezi huu barua zimejaa mpaka nimeogopa kufungua. Na ukizisoma zote kwa mkupuo unagundua ni swali moja tu limevaa nguo tofauti tofauti: Shangazi nimechoka kukaa ndani, nianze? Nimejibu nilizoweza, zingine nimeziunganisha maana zilikuwa zinauliza kitu kilekile, na yule aliyeniandikia kurasa nne kuhusu uzio wa jirani yake, ndugu yangu, leo si zamu yako.

Shangazi shikamoo. Mi nilishindwa kuvumilia, nikapanda nyanya kwenye vikopo dirishani mwishoni mwa Januari. Zikaota vizuri tu ndani ya wiki moja, nikapiga picha nikawatumia watu. Sasa zimerefuka kama uzi wa cherehani, rangi imepauka, zinalalia kioo, na mbili zimeanguka kabisa, shina limesinyaa pale chini kama limebanwa na kidole. Nyumba ina joto, maji nazipa kila siku, mbolea nishaweka mara mbili. Nimekosea wapi? (Mwenye Dirisha Moja)

Marahaba mwanangu. Umekosea sehemu kama nne hivi lakini usilie, mi nilizikosea zote kwa msimu mmoja na nilikuwa na vikopo arobaini, we naona una vichache.

La kwanza ni mwanga. Mche ukiwa gizani, au kwenye mwanga hafifu, hauna akili ya kusema nitulie, unachojua ni kwamba jua liko juu mahali fulani na lazima ulifikie kabla akiba ya chakula haijaisha, basi nguvu zote zinaenda kwenye shina, majani baadaye, mizizi baadaye. Dirisha lako we unaliona lina mwanga kwa sababu macho yetu yanajirekebisha, lakini mwisho wa majira ya baridi jua bado liko chini, linakaa masaa machache, halafu linaingia upande mmoja tu, ndo maana zinalalia kioo. Ukiongezea na joto la hita ndo umemaliza kazi, joto linaiambia miche kimbia na mwanga unaiambia huna petroli.

Dawa yake si mbolea. Ni taa. Si lazima yawe yale mataa makubwa ya zambarau, tyubu ya LED nyeupe ya kawaida inatosha kabisa kwa miche, ila iweke karibu, yaani sentimita 5 mpaka 10 juu ya majani, na uipandishe kadri miche inavyopanda. Watu wanatundika taa darini halafu wanashangaa. Iwashe masaa 14 mpaka 16 kwa siku kisha uizime, usiku nao wanauhitaji. Joto likishaotesha mbegu lishushe, nyanya inapenda kama nyuzi 21 mpaka 27 wakati wa kuota lakini ikishatoka udongoni nyuzi 16 mpaka 18 zinaipa shina nene. Na kitu kingine watu wananicheka nikikisema: pitisha kiganja juu ya miche taratibu mara kadhaa kwa siku, kama unampapasa mtoto kichwani. Mmea ukitikiswatikiswa hudhani kuna upepo, unakuwa mfupi na mgumu. Feni ndogo ikipuliza kwa mbali inafanya kazi hiyohiyo, ila haina raha.

La pili ni maji ya kila siku. Hiyo miwili iliyosinyaa pale chini ni kinyausi, ni vimelea vya jamii ya ukungu vinavyokaa kwenye udongo uliolowa na vyombo vichafu, vikimshika mche mchanga jioni asubuhi umelala. Haitibiki. Toa iliyoanguka pamoja na udongo wake, iliyobaki usiimwagilie mpaka uguse juu ukute pamekauka, na maji yaweke kwenye trei chini yanywe kutokea chini kisha mwaga yaliyobaki. Vikopo vya mwaka jana vioshe, halafu viloweke dakika kumi kwenye maji yenye bliichi, kipimo kimoja cha bliichi kwa tisa vya maji, suuza (na tafadhali bliichi usiichanganye na sabuni nyingine yoyote ya chooni, hewa yake inaua watu).

Mbolea nayo acha kwanza. Mche mpaka utoe majani ya kweli, yaani yale yanayofuata baada ya mawili ya mwanzo, hauna shida ya mbolea.

Sasa la nne ndilo nililotaka kuliandika kwa herufi kubwa lakini mhariri hapendi. Ulianza mapema mno. Ukitaka kujua lini uanze, usiangalie kalenda kuanzia mwanzo, iangalie kuanzia mwisho. Uliza wenyeji wenye bustani au idara ya hali ya hewa ya eneo lako: kwa kawaida jalidi ya mwisho inaanguka lini, ule weupe wa barafu kwenye majani asubuhi? Ukishaijua hiyo tarehe unarudi nyuma. Vitunguu vya mbegu wiki 10 mpaka 12, pilipili wiki 8 mpaka 10, nyanya wiki 6 mpaka 8, matango na maboga wiki 3 au 4 basi. Tuseme kwako jalidi ya mwisho ni tarehe 15 Mei, nyanya unaipanda kati ya 20 Machi na 3 Aprili, kabla ya hapo unajitafutia wapangaji wasiolipa kodi.

Najua unaniambia si zitakuwa kubwa mapema zizae mapema. Mi nilidhani hivyohivyo. Ule mwaka wa vikopo arobaini nilipanda kundi moja mwisho wa Januari na lingine mwisho wa Machi, nikayatoa nje siku moja. Yale ya Januari yalitoka na mizizi imejizungusha ndani ya kikopo kama uzi kwenye kibiringo, yalishatoa maua kwa njaa, yakakaa wiki tatu yamenuna tu. Ya Machi yakayapita. Nyanya ya kwanza kuiva ilitoka kwa wale wadogo, na mi nilikuwa nimeshawaambia watu wote nyumbani kwamba kundi la kwanza ndo la kuangalia.

Zako bado zinaokoleka kwa sababu ni nyanya. Shina la nyanya likifukiwa linatoa mizizi, kwa hiyo zihamishie kwenye kopo refu, zika shina mpaka karibu na majani, weka taa karibu, utaona. Ingekuwa pilipili au maboga ningekwambia tupa uanze upya, na mwezi wa kuanza wala haujapita.

Mi niko kusini mwa ikweta, kila mwaka mnaandika Februari mimi nikiwa nimelowa jasho. Sisi je? (Wa Kusini)

Una haki, samahani. Kwako mwisho wa majira ya baridi ni Agosti, sogeza kila mwezi ninaoutaja mbele kwa miezi sita. Na dirisha la jua kwako ni lile linalotazama kaskazini, nikisema kusini we geuza. Weka gazeti mpaka Agosti.

Nina boksi la viatu limejaa pakiti za mbegu, zingine za 2019, zingine hazina hata mwaka. Nazitupa? (Mama wa Boksi)

Usitupe, jaribu. Kazi ya wiki moja na ndo kazi tamu kuliko zote za msimu huu. Chukua tishu nzito ya jikoni, ilowanishe isidondoshe maji, panga mbegu kumi, kunja, ingiza kwenye mfuko wa plastiki, andika jina na tarehe (andika! mi nishawahi kuwa na mifuko tisa isiyo na jina), weka mahali penye joto la kama nyuzi 21 mpaka 24. Siku ya 7 mpaka 10 fungua uhesabu. Nane zimeota, panda kama kawaida. Tano, panda mara mbili ya unavyotaka. Mbili, sasa hapo ni huruma yako na nafasi uliyonayo. Zilizoota ukizishika kwa upole unaweza kuzipanda kabisa kama wakati wake umefika.

Kwa kukadiria tu, zikiwa zimetunzwa pakavu na baridi, mbegu za vitunguu zina mwaka mmoja hivi, pilipili miwili, karoti mitatu, nyanya minne, matango mitano. Ya vitunguu ya 2019 hata usihangaike na tishu. Pilipili nazo zipe muda zaidi kabla hujazihukumu, zinaota kwa maringo, wiki mbili si ajabu. Na saladi zinataka mwanga ndo ziote, hizo usizifunikize chini ya kitambaa kizito, na zisiwe karibu na hita maana joto likizidi zinakataa kabisa.

Shangazi salaam. Mimi sina bustani, mke wangu ndo anayo. Tatizo langu ni friji. Rafu nzima ya chini kuna vifuko vya mchanga mbichi, nikiuliza naambiwa "zimelala". Juzi nimehamisha matufaha yangu nikaambiwa nimeua maua ya mwaka huu. Mimi nimeua maua? Nilihamisha matunda tu. Tafadhali amua. (Mume wa Friji)

Shemeji wangu, pole sana, lakini mkeo yuko sahihi kwa asilimia kubwa na hili litakuuma.

Kuna mbegu ambazo kwao kuota mara tu zinapoanguka ni kujiua, maana zimeanguka vuli na mbele kuna baridi. Kwa hiyo zimewekewa kufuli, na ufunguo wake ni baridi yenye unyevu kwa wiki kadhaa. Nje zingefanya hivyo zenyewe chini ya majani na theluji. Mkeo anazidanganya kwa friji, nyuzi 4 hivi, mchanga uliolowa kidogo, mwezi mmoja au zaidi kutegemea mmea. Lavenda zinapenda hivyo, na maua mengi ya porini ya nchi za baridi. Ukizipanda bila hiyo baridi zinakaa tu kwenye udongo, ama zinatoka moja moja kwa kujisikia. Kwa hiyo neno "zimelala" analotumia ndilo neno lenyewe, hakukutania.

Kuhusu matufaha. Kama kwenye rafu kulikuwa na vitunguu vya maua, mfano tulipu, anazivusha baridi kwenye friji kwa wiki 12 mpaka 16 ndo zitoe ua, basi hapo kweli kuna kesi. Matufaha yakiiva yanatoa gesi ya ethilini na hiyo gesi inaharibu kichipukizi cha ua kilichomo ndani ya kitunguu, kitunguu kinatoa majani bila ua. Kama ulikuwa unayatoa matufaha kwenye rafu hiyo, umefanya wema. Kama ulikuwa unayaingiza, kaombe radhi.

Ila nitakusaidia upate rafu yako. Mwambie kuna wanaotumia madumu ya plastiki yanayopitisha mwanga: unalikata katikati liwe kama lina bawaba, unatoboa matundu chini, unajaza udongo kama sentimita 10, unapanda, unalifunga na selotepu nzito, kizibo unatoa, halafu unalitupa nje kwenye theluji. Mvua inaingia, baridi inaingia, na siku ikipata joto mbegu zinaamka zenyewe. Inafaa sana kwa zile za friji na kwa mboga zinazostahimili baridi, kabichi na jamaa zake. Nyanya hapana. Mi nimefanya miaka kadhaa, na jirani alinihurumia mwaka wa kwanza akidhani nimeshindwa kutoa takataka.

Wiki hii jua limetoka siku tatu mfululizo, theluji imeyeyuka nusu, watu wametoka na mashati mepesi. Naruhusiwa kulima sasa? Hata kitanda kimoja? (Jembe Mkononi)

Hapana. Subiri, nieleze.

Hiyo ni joto la uongo, linakuja kila mwaka na kila mwaka linaniumiza roho. Shida si hewa, shida ni udongo. Juu umeyeyuka, chini bado umeganda, kwa hiyo maji hayana pa kwenda, udongo umeshiba kama sponji. Ukiingia na jembe au hata ukitembea tu juu yake unafinya zile nafasi za hewa ambazo mizizi inapumulia, na kama ni mfinyanzi ukikauka unapata matofali, na matofali hayo utakaa nayo msimu mzima au zaidi. Pima hivi: chukua gao la udongo kutoka kina cha kiganja, libane liwe mpira, kisha ligonge na kidole. Likimeguka na kumwagika, twende. Likibaki mpira, au likiwa linang'aa maji, rudi ndani.

Matandazo nayo usiyaondoe bado ati upashe udongo joto. Mchana ukiyeyuka usiku ukaganda, mchana ukiyeyuka usiku ukaganda, udongo unavimba na kunywea na unaisukuma mimea midogo juu kidogo kidogo mpaka mizizi inabaki hewani. Matandazo ndo yanazuia huo mchezo. We tembea tu bustanini kwenye njia, ukiona mche umeinuka usukumie chini na kidole gumba taratibu. Hiyo unaruhusiwa. Na theluji iliyobaki juu ya vitanda usiifagie, ina hewa ndani yake, ni blanketi.

Kama mikono inawasha kweli, leta vifaa ndani. Sepeto na majembe yafute udongo, kutu sugua na brashi ya waya au msasa, makali yapitishie tupa upande uleule wenye mteremko, chuma kipake mafuta, mpini wa mti pia, mafuta ya kitani yanafaa (matambara yaliyolowa mafuta hayo yatandaze nje yakauke, usiyafinyange ukatupa pipani, yanaweza kushika moto yenyewe, sitanii). Nikianza makasi ya kupogolea saa tatu asubuhi nikija kushtuka ni mchana.

Tukiongelea makasi, nipogoe nini sasa hivi na nini niache? (Anayeogopa Kukata)

Matufaha na mapeasi, ndiyo, huu ndo wakati wao, mti umelala, majani hakuna, unaona mifupa yote. Anza na yaliyokufa, yenye ugonjwa, na yanayosuguana, kisha simama mbali uangalie. Usitoe zaidi ya robo ya mti kwa mwaka mmoja, ukiushtua unajibu kwa kuotesha fimbo zilizonyooka juu kama nywele za aliyeona jini.

Macheri na maplamu acha mpaka kiangazi, vidonda vya msimu wa baridi na unyevu vinaingiza ukungu unaogeuza majani rangi ya fedha na mti unakufa taratibu. Na vichaka vinavyotoa maua mwanzo kabisa, forsithia, lilaki, usiguse, vichipukizi vya maua vilishatengenezwa mwaka jana, ukikata sasa unakata maua. Vipogoe vikimaliza kuchanua.

Shangazi, mi siulizi bustani sana. Nilikuwa napenda kupanga mbegu, kuchora ramani ya vitanda, mwaka huu pakiti ziko mezani tangu Januari sijazifungua. Nalala sana na bado nachoka, nakula kula tu vitu vya wanga, watu wakinipigia sipokei. Mume wangu anasema ni baridi tu itapita. Kila mwaka inakuwa hivi lakini mwaka huu imezidi. Nisubiri jua? (Aliye Ndani)

Mwanangu, nimeisoma barua yako mara tatu. Usisubiri tu.

Hicho unachokieleza, kulala kupita kiasi, hamu ya wanga, kujitenga, na kwamba kinakuja kila mwaka majira yaleyale, kina jina hospitalini. Ni sonona ya majira. Daktari Norman Rosenthal na wenzake waliielezea mwaka 1984 kule Marekani, na tiba waliyoanza nayo ilikuwa mwanga. Si uvivu na si kukosa shukrani, ni mwili unaopata mwanga mchache kuliko unavyohitaji. Nenda kwa daktari umwambie vilevile ulivyoniandikia mimi, hata ukimpa hii barua asome. Kuna taa maalumu za luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga) ambazo mtu anakaa mbele yake asubuhi dakika 20 mpaka 30 akiwa anakunywa chai au anasoma, bila kuikodolea macho, na kuna dawa, na kuna mazungumzo na mtaalamu. Taa usijinunulie tu kabla hujaongea na daktari hasa kama una shida ya macho au umewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi. Na ikitokea mawazo yakakupeleka kwenye kutotaka kuishi, hapo si suala la kusubiri miadi, mwambie mtu siku hiyohiyo, mumeo, jirani, piga namba ya dharura.

Ya kwangu mimi ni madogo. Toka nje asubuhi hata robo saa, hata mawingu yakiwa mazito. Sebuleni na taa zote zikiwaka unapata luksi mia chache, nje siku ya mawingu unapata maelfu. Pakiti za mbegu ziache hapohapo mezani, hazikudai kitu, zile za nyanya zinadumu miaka minne. Kama ukiwa na nguvu ya kitu kimoja tu, kata matawi matatu ya forsithia, yaweke kwenye maji, yasahau. Ndani ya wiki moja mpaka tatu yatakuwa ya njano bila we kufanya lolote. Na uniandikie tena, si lazima liwe swali.

Vimbu vidogo vyeusi vinaruka kutoka kwenye maua ya ndani kila nikipita. Na viazi nilivyonunua vya mbegu, nivifanyeje mpaka wakati wake? (Maswali Mawili)

Vimbu: unamwagilia sana. Mimea ya ndani kipindi hiki haikui, hainywi, udongo ukibaki umelowa wanazaliana humo. Acha sentimita mbili tatu za juu zikauke kabisa kati ya kumwagilia, weka karatasi ya njano yenye gundi kunasa wakubwa, na mabuu yatakufa kwa ukame. Ukiwa hapo futa na majani vumbi, yanakula mwanga kidogo huo uliopo.

Viazi: wiki kama sita kabla ya kupanda vipange kwenye trei za mayai, upande wenye macho mengi ukae juu, mahali penye mwanga na ubaridi, nyuzi 10 hivi. Unataka vichipukizi vifupi, vinene, vya kijani iliyokolea. Ukiviweka kabatini gizani vitatoa mikia mirefu meupe na utarudi kuniandikia kama yule wa dirisha moja.

Shikamoo Bibi. Mimi nina miaka tisa. Mti wa nje unajuaje kama winta imeisha? Kwa sababu juzi kulikuwa na joto na haukutoa majani, lakini mimi nilivua koti. (Mjukuu Mwenye Koti)

Marahaba mjukuu wangu. Umeniuliza swali zuri kuliko wakubwa wote waliotangulia, na we ndo umedanganyika, mti haukudanganyika.

Mti unahesabu. Ndani ya kila kichipukizi kuna breki, na breki hiyo inalegezwa na baridi. Si baridi ya kugandisha kabisa, hiyo haihesabiki sana, ni ile ya kati, kama nyuzi 0 mpaka 7. Mitufaha mingi inataka masaa kama 800 mpaka 1,000 ya baridi ya namna hiyo ndo breki iachie. Kabla hesabu haijatimia, hata jua litoke wiki nzima mti unakaa kimya. Hesabu ikitimia, basi sasa unaanza kuhesabu joto, siku moja ya joto haitoshi, unataka nyingi zilizojumlishwa. Aina zingine za miti zinaangalia na urefu wa mchana pia. Unajua mwisho wa Februari, kwenye latitudo ya 50 kaskazini mfano, kila siku mchana unaongezeka kwa zaidi ya dakika tatu? Angalia jua linazama saa ngapi leo, halafu angalia tena baada ya wiki.

Na unaweza kuukamata mti ukihesabu. Muombe mwenye mti, na mtu mzima akukatie, tawi moja lenye unene wa penseli na urefu wa rula ya shule, kata mshazari, liweke kwenye maji chumbani pasipo na joto sana, badilisha maji kila baada ya siku mbili. Andika tarehe. Wiki ijayo kata lingine la mti uleule, weka kwenye chupa nyingine. Wiki inayofuata lingine. Halafu hesabu kila moja limechukua siku ngapi mpaka kufungua. Bibi anadhani la mwisho litachukua siku chache kuliko la kwanza, lakini Bibi amekosea mara nyingi humu ndani, kwa hiyo niandikie namba zako. Na koti livae.